Sufu Haifuliwi kwa Nguvu: Namna ya Kutunza Sweta na Mablanketi Nyumbani

Mji wa Njombe uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti watu wake hulala chini ya mablanketi mawili na bado huamka na baridi miguuni. Juu zaidi, kwenye uwanda wa Kitulo wilayani Makete, kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani na kuyafanya meupe. Kwa wakazi wa nyanda hizi sufu si urembo, ni hitaji, na ndiyo maana huniuma kuona jinsi sufu nzuri inavyoharibiwa na watu walewale wanaoihitaji, tena si kwa uzembe bali kwa bidii. Sweta iliyonunuliwa mnadani ikiwa laini na pana hufuliwa mara moja tu, kwa juhudi zote za mfuaji hodari, na jioni huanuliwa ikiwa ngumu, nene, na imerudi kiasi cha kumtosha mtoto wa darasa la tatu. Mfuaji humlaumu muuzaji kwa kumuuzia nguo mbovu, ilhali nguo ilikuwa nzima hadi ilipoingia kwenye beseni.

Tumelelewa kupima usafi kwa nguvu iliyotumika. Anayejifunza kufua huambiwa aloweke usiku kucha, atie sabuni mpaka povu lifurike, afikiche mpaka nguo itoe mlio, akamue mpaka tone la mwisho, kisha aanike kwenye jua kali. Mafunzo hayo ni sahihi kabisa kwa kanga, vitenge, mashuka na sare za shule, kwa sababu uzi wa pamba una sifa ya kuongezeka uimara unapolowa, na kwa hiyo huvumilia kupigwa na kusuguliwa. Sufu ni kinyume chake: ikilowa hudhoofika, hunyumbulika kupita kiasi na kupoteza umbo. Kila kinachomletea mfuaji sifa kwenye pamba ndicho kinachoiua sufu, na anayeielewa tofauti hiyo amekwisha kuimaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Kabla ya yote, ni lazima kujua kama kilichopo mkononi ni sufu kweli. Kondoo wengi wanaofugwa Tanzania, wakiwemo wale wekundu wa Kimasai na wale wenye vichwa vyeusi, hawana sufu ya kusokota. Mwili wao una nywele fupi zinazokaribia za mbuzi. Nchini Kenya hali ni tofauti kidogo, kwani nyanda za juu za Bonde la Ufa, kama vile Molo na Njoro, zimefuga kondoo wa sufu wa aina ya Merino na Corriedale tangu zama za walowezi, na Nanyuki wapo akina mama wanaoisokota sufu hiyo kwa mkono na kufuma mazulia. Huku kwetu sufu nyingi huingia kwa mitumba. Bero likifunguliwa Makambako, sweta ya sufu safi na sweta ya plastiki hutoka zikiwa zimekumbatiana, na muuzaji huziita zote sufu na kuzipangia bei moja. Sweta nyingi za shule zimefumwa kwa akriliki, mablanketi mazito yenye manyoya yanayong'aa yaliyojaa madukani ni poliesta, na hata mashuka ya Kimasai siku hizi mengi ni ya akriliki au pamba. Hayo yote yanaweza kufuliwa bila tahadhari nitakazozieleza.

Lebo ya ndani ndiyo shahidi wa kwanza. Kwa kuwa mitumba hutoka nchi nyingi, lebo nazo husema kwa lugha nyingi: nguo ya Uingereza au Marekani huandikwa wool, ya Ujerumani Wolle, ya Ufaransa laine, ya Italia lana, ya Uholanzi wol, ya Uswidi na Norwei ull, na ya Ufini villa. Pembeni mwa neno hilo kuna asilimia, nayo isomwe kwa makini, kwa maana nguo yenye asilimia 80 za sufu na 20 za nailoni bado hutunzwa kama sufu kamili. Zipo pia alama. Beseni lenye mkono ndani yake maana yake nguo ifuliwe kwa mkono. Beseni lenye namba 30 na mistari miwili chini yake huruhusu mashine, mradi iwekwe kwenye mzunguko wa upole kabisa. Beseni lililokatwa kwa mistari miwili inayopishana maana yake nguo isiguswe na maji. Hizo za mwisho mara nyingi ni makoti yenye bitana na mabega yaliyokakamazwa, na yafaa kuyapiga brashi na kuyaanika kwenye hewa badala ya kujaribu bahati.

Ikiwa lebo imekatwa, moto hutoa jibu. Ninachomoa uzi mmoja mfupi kutoka kwenye mshono wa ndani, ninaushika kwa kibano juu ya sahani ya bati, kisha ninausogezea kiberiti. Sufu hujikunja kuukimbia moto, huungua polepole, huzimika yenyewe moto ukiondolewa, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, huendelea kuwaka kwa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Harufu ndiyo inayoamua, na mtu akiisikia mara moja haisahau.

Harufu hiyo haitokei kwa bahati. Sufu ni nywele, na imeundwa kwa keratini, protini ileile iliyomo katika nywele zetu, kucha na pembe za ng'ombe, yenye salfa ndani yake. Ukiukuza unywele wa sufu kwa hadubini utaona umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopishana kama vigae vya paa, yote yakielekea kwenye ncha. Nguo ikiwa kavu na imetulia, magamba hayo hulala. Ikilowa, unywele huvimba na kulainika, magamba huinuka kidogo, na kila nyuzi zinaposuguana, unywele huweza kuteleza kuelekea upande mmoja tu, ule wa shina. Kurudi ulikotoka magamba hayauruhusu. Kusugua kwa mara ya pili husogeza tena, kwa mara ya mia husogeza mara mia, hadi nywele zote zimesokotana na kushikana bila nafasi kati yake. Hapo ndipo sweta inakuwa fupi na nene. Maji ya moto na sabuni kali huharakisha mwendo huo kwa kuufanya unywele unyumbulike zaidi, lakini chanzo chenyewe ni msuguano, na ndiyo maana mtu anaweza kufua kwa maji ya baridi kabisa na bado akaiharibu nguo kwa kuifikicha tu. Kilichoshikana namna hiyo hakiachani tena. Dawa zinazosifiwa kuwa zinarudisha sweta katika ukubwa wake husaidia kidogo pale nguo iliporudi kidogo; nguo iliyoganda kabisa imeganda.

Kwa kuwa kila kufua kuna hatari yake, jambo la busara ni kufua mara chache, na sufu yenyewe inaruhusu hivyo. Unywele wake unaweza kufyonza mvuke unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila mvaaji kuhisi unyevu, kisha ukautoa mvuke huo polepole nguo inapoanikwa mahali pakavu, na sehemu kubwa ya harufu ya jasho huondoka pamoja nao. Sweta iliyovaliwa juu ya shati haina haja ya kufuliwa kila wiki. Hutundikwa kivulini penye upepo, hukung'utwa, na hupigwa brashi laini kuelekea chini. Shangazi yangu, ambaye sweta zake zimepita miaka mingi, huniambia, "Mwanangu, sufu huwa unaianika kabla haijanuka, si baada," na ninaona hakuna aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi yake. Tatizo kubwa la huku kwetu ni moshi, maana jikoni ndiko kwenye joto na ndiko watu wanakotundika makoti. Sufu hunywa moshi wa kuni haraka mno na kuutoa kwa shida. Koti litundikwe chumbani.

Madoa yashughulikiwe peke yake bila kufua nguo nzima. Tope liachwe likauke kabisa, kisha lipigwe brashi, kwa sababu kulifuta likiwa bichi ni kulizamisha ndani. Mafuta ya mchuzi yanyunyiziwe unga wa muhogo au wanga, uachwe saa kadhaa ufyonze, halafu ukung'utwe. Chai na maziwa vifutwe papo hapo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, kwa kugandamiza, si kwa kusugua.

Siku ya kufua ikifika, ninaanza kwa kupima nguo. Ninachukua utepe wa fundi cherehani na kuandika upana wa kifua, urefu wa mgongo na urefu wa mikono, kwa sababu sweta iliyolowa haikumbuki vipimo vyake na mimi nisipovikumbuka kwa niaba yake hakuna atakayevijua. Kisha ninabonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye pindo la ndani. Kikipata rangi, nguo hiyo inachuja na itafuliwa peke yake. Ninaigeuza ndani nje na kufunga vifungo.

Maji yawe ya uvuguvugu ulio karibu na ubaridi, yasiyozidi nyuzi joto 30. Mkono ukihisi joto la wazi, yameshazidi. Mwezi wa Julai maji ya bomba ya Njombe huuma vidole na sabuni haiyeyuki vizuri ndani yake, kwa hiyo ninayachanganya na ya birika kwenye ndoo tofauti kabla nguo haijaingia. Kamwe simimini maji ya moto juu ya sweta iliyomo beseni. Ninaandaa pia ndoo za kusuuzia mapema, zote zikiwa na uvuguvugu uleule. Sabuni huyeyushwa kwanza, ndipo nguo inapozamishwa na kuachwa itulie kwa dakika kumi. Baada ya hapo mikono hufanya kazi moja tu ya kuibonyeza nguo chini na kuiachia, ili maji yenye sabuni yapite katikati ya nyuzi. Hakuna kufikicha, hakuna kusugua kola kwa kola, hakuna brashi. Uchafu wa sufu haujang'ang'ania kama wa pamba, na maji yakigeuka rangi mtu ataona mwenyewe kwamba nguvu haikuhitajika.

Katika kuinyanyua ndipo wengi wanapoharibu walichokwisha kukifanya vizuri. Sweta iliyolowa ni nzito, na ukiishika mabegani na kuivuta juu, uzito wa maji huirefusha mpaka mikono ifike magotini. Ninaingiza viganja vyote viwili chini yake na kuibeba nzima kama fungu, ninaiweka ukingoni mwa beseni ijichuje, kisha ninaigandamiza taratibu. Kusuuza ni kwa namna ileile, mpaka maji yawe meupe, na katika ndoo ya mwisho ya lita kumi ninatia vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe. Siki huondoa masalia ya sabuni na kuirudisha sufu katika hali ya uchachu kidogo inayoipenda, na harufu yake hupotea nguo inapokauka. Halafu sweta hulazwa juu ya taulo kavu, taulo hukunjwa pamoja nayo kama mkeka, na mtu huliegemea kwa viwiko ili taulo linywe maji. Kukamua kwa kusokota, kama tunavyokamua suruali, kunavunja nyuzi na kupotosha mishono.

Kukausha ni kwa kulaza. Wavu wa dirisha uliofungwa juu ya viti viwili unafaa sana, na mkeka safi unafaa vilevile, mradi nguo igeuzwe. Hapo ndipo utepe wa fundi unaporudi: sweta hunyooshwa kwa viganja mpaka vipimo vilingane na vilivyoandikwa. Iwe kivulini, kwa kuwa jua kali huifanya sufu nyeupe kuwa ya manjano na kuifanya nyuzi zake kuwa kavu na dhaifu. Isiwe karibu na jiko. Kuna tahadhari nyingine kwa ndugu wanaoishi maeneo ya joto na unyevu: yupo nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kwenye ardhi, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mvaaji na kuota kama jipu. Nguo za pamba huokolewa na pasi. Sweta ipigwe pasi ya wastani juu ya kitambaa kibichi, kwa kubonyeza na kuinua bila kuburuta, ili mvuke wa moto uipenye, au ianikwe ndani ya chumba chenye nyavu madirishani.

Kuhusu sabuni nina mengi ya kusema, kwa sababu wengi huamini kwamba maji ya baridi peke yake yanatosha kuwaokoa. Sabuni ya mche tunayoitumia kila siku hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na sabuni ya unga ya kawaida ni kali vilevile. Ukali huo ndio unaoondoa jasho kwenye shati, lakini ndio unaoinua magamba ya sufu na kuidhoofisha protini yake. Sabuni nyingi za unga zina pia vimeng'enya vilivyowekwa makusudi ili viyale madoa ya damu, mayai na maziwa, ambayo ni protini. Sufu nayo ni protini, na kimeng'enya hakijui tofauti kati ya doa na nguo. Mahali penye maji magumu ya visima, sabuni ya mche huleta shida ya ziada, kwani huungana na madini ya maji na kuacha utando mweupe unaonata katikati ya nyuzi; maji ya mvua, ambayo hayana madini hayo, ndiyo bora kuliko yote kwa sufu, na aliye na tangi la kukingia paa lake ana hazina.

Kinachofaa ni shampuu ya kawaida ya nywele, na sababu yake iko wazi kwa aliyenifuata tangu mwanzo. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha beseni la lita kumi. Isiwe ile iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, maana hiyo huacha utelezi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inaweza kutumika ikiwa ni ya upole, lakini sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwenye madumu hutegemea mkono wa mtengenezaji: akizidisha magadi itakuwa kali, akipima sawasawa itakuwa nzuri. Ikikausha na kukwaruza ngozi ya mikono yako, usiipe sufu. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isisogee kabisa karibu na sufu. Kipande cha sufu kikizamishwa katika dawa hiyo bila kuchanganywa na maji, hugeuka manjano, hulegea, na mwishowe huyeyuka chote. Mtu anayemwajiri dada wa kazi au dobi amweleze hili kabla ya jambo lingine lolote, kwa upole na kwa kumwonyesha, kwa sababu kosa la aina hii hufanywa na mtu aliyekuwa akijitahidi kupendeza.

Blanketi ni kazi nyingine kwa sababu ya uzito tu; kanuni ni zilezile. Mablanketi ya sufu tunayoyapata ni ya namna mbili. Yapo yale ya mitumba kutoka Ulaya, yaliyofumwa kwa nyuzi ndefu, ambayo kiwandani yaligandishwa kidogo kwa makusudi na kuinuliwa manyoya ili yashike joto. Yapo pia yale ya kijivu, ya kukwaruza, yanayojulikana kwenye mabweni na kambi za wakimbizi; mengi ya namna hiyo hutengenezwa kwa sufu iliyochambuliwa kutoka katika nguo kuukuu, kazi ambayo mji wa Panipat nchini India umejengea jina. Nyuzi zake ni fupi kwa kuwa zimekwisha kuraruliwa mara moja, hivyo hutoa vumbi la nyuzi na huchanika likivutwa likiwa limelowa. Blanketi la aina hii lihurumiwe kuliko lolote.

Mimi hufua mablanketi Septemba na Oktoba, baridi ikiwa imepita na mvua za Novemba hazijaanza, kwa kuwa jua lipo, upepo upo na hewa ni kavu. Aliyeko Makambako amebarikiwa zaidi, maana upepo wa pale hauchoki. Kinahitajika chombo kipana, kama karai kubwa au nusu ya pipa safi la plastiki, na watu wawili. Shuka kuukuu hutandikwa kwanza ndani ya chombo, blanketi likakunjwa na kulazwa juu yake, kisha maji ya shampuu yakamiminwa. Tangu hapo blanketi halishikwi tena lenyewe. Linabonyezwa kwa viganja, na linapotakiwa kutolewa, watu wawili hushika pembe nne za shuka na kulinyanyua pamoja na maji yake. Desturi ya kulikanyaga kwa miguu, ambayo watoto huifurahia sana, ni ya mablanketi ya poliesta. Kwa sufu, kukanyaga ndiko kule kusugua nilikokueleza, tena kwa uzito wa mwili mzima.

Baada ya kusuuzwa, blanketi huachwa juu ya benchi lililoinamishwa kwa muda wa saa moja au zaidi, maji yajitiririkie yenyewe. Halitundikwi kwenye kamba moja, kwa sababu uzito wote hukaa kwenye mstari mmoja na katikati huvutika. Ninafunga kamba tatu sambamba, zikiachana kama nusu mita, na kulitandaza juu yake ili lilale karibu kama kitandani. Kamba ziwe za katani au plastiki; waya huacha kutu isiyotoka. Linageuzwa mchana, linaingizwa ndani jioni kabla ya umande, na linatolewa tena kesho yake, kwani blanketi nene la sufu aghalabu halikauki kwa siku moja. Likikauka kabisa hupigwa brashi kwa kuelekea upande mmoja, na manyoya yaliyolala huinuka. Kazi hii yote inaweza kufanywa mara moja tu kwa mwaka ikiwa kila usiku kuna shuka kati ya mlalaji na blanketi, na ncha ya juu ya shuka hilo imekunjwa juu ya pindo la blanketi mahali linapogusa uso.

Sasa nifikie jambo ambalo ningependa lisomwe hata na asiye na sweta moja ya sufu. Watu wengi, wakishafua, huhifadhi sufu sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyofukuza wadudu, na katika sanduku hilohilo mara nyingi kuna shali, kofia na sweta za mtoto anayetarajiwa. Vidonge vya aina hii vinavyouzwa masokoni mara nyingi ni vya nafthalini. Mvuke wake hukaa katika nguo, nao huingia mwilini kwa pumzi na kupitia ngozi. Katika maeneo ambayo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, wapo watu wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda seli nyekundu za damu, na mara nyingi hawajui kwamba wanao. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa shali lililojaa mvuke wa nafthalini, seli zake nyekundu huweza kuvunjika kwa wingi, akapungukiwa damu na kupata manjano makali. Na manjano yakizidi kwa mtoto wa siku chache, huweza kuudhuru ubongo wake kwa maisha yote. Nguo za mtoto zisihifadhiwe na vidonge hivyo hata kidogo. Shali la mtumba lenye harufu hiyo lianikwe nje siku nyingi mpaka harufu iishe kabisa, lifuliwe, kisha lianikwe tena. Mzazi akiona macho au ngozi ya mtoto ni ya njano, au mkojo umekuwa mweusi, ampeleke hospitali mara moja na amwambie mhudumu kwamba nguo zilikuwa na vidonge vya nondo, kwa sababu bila kuambiwa huenda asiulize.

Nafthalini si ya lazima, na atakayewafahamu nondo wa nguo ataona hivyo. Si wale wanaozunguka taa usiku. Nondo wa nguo ni mdogo mno, wa rangi ya nyasi kavu, hukimbia mwanga, na yeye mwenyewe hali kitu. Wanaokula ni mabuu wake, ambao ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kumeng'enya keratini. Wanapenda giza, utulivu, na zaidi ya yote wanapenda sufu yenye jasho na matone ya chakula. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutoweka kamwe nguo chafu sandukuni. Ya pili ni kuwasumbua: nguo itolewe kila baada ya wiki chache, ikung'utwe nje, ipigwe brashi hasa chini ya kola, kwenye makwapa na ndani ya mikunjo, na ipate mwanga. Ya tatu ni kufunga, kwa mfuko wa plastiki au ndoo yenye kifuniko kinachobana, mradi nguo iwe imekauka hadi ndani ya mishono, la sivyo itaota koga. Mabuu wakishaingia, nguo ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kukaa wiki mbili ndani ya friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Wenye maduka ya samaki hukubali wakiombwa vizuri. Ikitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka nguo ipate joto la chumba, ili unyevu wa hewa uishie nje ya mfuko.

Huko pwani, ambako sufu ni joho la bwana harusi au la mzee wa heshima na hutoka sandukuni mara chache kwa mwaka, hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya unyevu. Kulifukiza joho kwa udi ni desturi nzuri na hulipa harufu ya sherehe, lakini moshi wa udi hauui mabuu waliokwisha kujichimbia kwenye pindo. Joho lianikwe baada ya kila shughuli, ndipo lifukizwe.

Yanayobaki ni madogo. Vipira vya nyuzi vinavyotokea chini ya makwapa si ugonjwa. Hukatwa kwa mkasi mdogo nguo ikiwa imelazwa juu ya meza, na havinyofolewi kwa vidole, maana kila kunyofoa huvuta nyuzi nyingine. Tundu dogo litililiwe siku ileile linapoonekana, kwa uzi wa sufu uliochomolewa kwenye nguo nyingine kuukuu, kwa kupitisha mistari ya kwenda juu kisha ya kukingama. Na sweta iliyokwisha kuganda kwa sababu mtu aliifua kama kanga isitupwe. Kitambaa kilichoganda hakifumuki hata kikikatwa popote, hivyo hakihitaji kupindwa. Weka gambuti juu yake, chora kuzunguka soli kwa chaki, kata ndani kidogo ya mstari, shona matabaka mawili pamoja, na utapata soli za ndani za kuvalia shambani Julai nzima. Zitolewe kila jioni zikauke, na kata jozi mbili ili moja ivaliwe nyingine ikiwa inaanikwa.